Mafunjo ya Bondeni

Khadidja alisuuza shuka ileile mara ya tatu, akaitandaza juani, akaona bado ina rangi ya chai. Yeye na Dative, dobi mwenzake, walikuwa kijitoni chini ya mtaa wa Gihosha tangu alfajiri, na katika shuka ishirini za nyumba ya wageni ya Bibi Moza hakuna hata moja iliyotakata. Bibi Moza alikuwa ameshasema: wiki hii zikirudi hivi, atanunua mashine ya kufulia.

Kwa miaka kumi na miwili kijito kile kilimlisha. Maji yaliteremka machafu, yakiwa na oili ya gereji na povu la mitaro, lakini kabla ya kumfikia yalipita kwenye kinamasi kilichojaa mafunjo. Humo yalipunguza mwendo, tope likatua, mizizi ikanyonya uchafu, na yalipotokea upande wa pili uliweza kuona kokoto. Hakuna aliyemfundisha hayo. Aliyaona kila siku. Kisha, mwezi wa tatu, ofisi ya mtaa ikakata mafunjo karibu yote, ikachimba mtaro ulionyooka katikati, ikauza viwanja. Tangu hapo maji yalikuja mbio, na kila kitu ndani yake.

Saa tatu alimwachia Dative kazi, akaenda ofisi ya mtaa kuomba mafunjo yarudishwe. Karani alimwambia shefu, mkuu wa mtaa, yuko mkutanoni. Baadaye akamwambia aandike barua. Alipoiandika, akaambiwa barua za visima hupelekwa komini, ofisi iliyo juu ya mtaa, za mitaro hupelekwa kwingine, na yake haikuwa ya kisima wala ya mtaro; akarudishiwa.

Kwenye benchi alikaa na mwalimu mmoja, Fortunat, aliyeshika hati ya kiwanja. Alikuwa amenunua kulekule kinamasini, akajenga, na mvua iliyopita maji yalimwingilia hadi chini ya kitanda. Khadidja, ambaye alikuwa amewachukia wanunuzi wote bila kuwajua, alimweleza jinsi mafunjo yalivyokuwa yakifyonza maji ya mvua na kuyaachia kidogo kidogo. Mwalimu alisikiliza akiitazama hati yake.

Saa sita shefu alikuwa bado mkutanoni. Khadidja akarudi bondeni, akavua viatu.

Pembeni kulibaki kichaka kimoja cha mafunjo. Yeye na Dative waling'oa mizizi yenye machipukizi, wakaipanda mtaroni safu kwa safu, wakiigandamiza kwa mawe. Dative alikuwa na hofu, lakini hakuacha. Walikuwa wameanza safu ya nne shefu alipotokea ukingoni.

"Nani amewapa otorizasiyo? Nani amewaruhusu?"

"Apana mutu," Khadidja alijibu. "Mi napanda majani, shefu. Mayi ipate kutulia."

Shefu akasema bonde ni la serikali, watoke, na wang'oe yote.

Khadidja alipanda ukingoni, tope hadi magotini. Akafungua fundo la kitenge, akatoa ile barua, akaigeuza upande usioandikwa, akamnyooshea pamoja na kalamu.

"Basi andika hapa, shefu. Andika kama kupanda mafunjo ni marufuku, utie sinyatiri. Mi nitang'oa yote leo."

Shefu aliitazama karatasi. Jina lake likikaa hapo, kuna mtu siku moja angeuliza nani alikata na nani aliuza. Kalamu hakuigusa. Alisema atarudi, akaondoka kwa hatua fupi ili asiteleze.

Wakaendelea. Kwenye safu ya kwanza povu lilikuwa limeanza kunasa. Chini yake maji yalikuwa bado ya udongo, na Khadidja alijua mizizi ingehitaji misimu kushikana. Bibi Moza hangesubiri misimu. Huenda angempoteza mteja huyo, na wazo hilo lilimuuma, lakini mikono yake iliendelea kupanda.

Jua lilipopoa, mwalimu Fortunat alishuka, suruali ameikunja, jembe begani, na majirani zake wawili wa viwanjani nyuma yake. Alisimama kwenye kipande cha ardhi alichokuwa amekitenga kwa ajili ya jiko.

"Mama, hapa nyuma ya nyumba yangu," aliuliza, "mafunjo itakubali?"

Khadidja alikanyaga pale. Mguu ukazama hadi kifundoni, na maji yakachimbuka kuuzunguka.

"Itakubali, mwalimu," akasema. "Hapa ndiyo kwao."