Kijembe cha Biriani Mjini Houston

Bi Rukhsana aliandika hadithi za Kiurdu maisha yake yote, na kama hujui hilo basi hujawahi kunywa naye hata kikombe cha chai. Dorothea, aliyemhudumia nyumbani kwake Mansfield, mji ulio mwendo wa saa nne kwa gari kutoka Houston, hakujua Kiurdu hata cha kuombea maji. Ila kila asubuhi, akimpaka mafuta ya nywele, alisimuliwa hadithi hizo kwa Kiingereza. Aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mwanamke anayekula biriani ya shoga yake, anaiponda mbele za watu, kisha anaipika hivyohivyo harusini na kudai kafundishwa na marehemu mama yake.

"Huyu mwanamke ni nani, Anti?"

"Wa kubuni."

Dorothea aliendelea kumpaka mafuta, kwa heshima tu. Yeye kakulia Ngamiani, Tanga, taarabu dirishani, na hajawahi kusikia maneno matamu namna hiyo yasiyokuwa na mwenyewe.

Sasa Bi Rukhsana alikuwa amealikwa Houston, kusoma mbele ya chama cha waandishi wa Kiurdu. Mwenyekiti wao, Bi Farzana, ndiye aliyeamua kitabu gani kichapwe na kipi kiozee kabatini, na vya Bi Rukhsana vyote vilikuwa vinaozea kabatini. Bibi alitaka akishike kimoja mkononi kabla hajafa. Alilisema hilo waziwazi, na Dorothea alimwonea huruma mpaka chakula kikamshinda.

Sadock, mumewe Dorothea, ndiye aliyewaendesha. Njia nzima alimwonya mkewe kwa Kiswahili. "Umekuwa-invited kusikiliza, mama Jordan. Usije uka-perform."

"Mimi na-support tu," alijibu Dorothea, akiweka sawa kitenge chake.

Ukumbini walianza wazee wa kiume, mmoja baada ya mwingine, na mashairi ya kulilia mwezi. Kila ubeti watu waliitikia "wah, wah" ya kusifia. Alipopanda Bi Rukhsana na hadithi yake, wakatoa simu zao. Dorothea aliumia sana.

Mara akasikia "biriani". Neno hilo halihitaji mkalimani. Akamwona bibi anaigiza: anachota sufuriani kwa mkono mtupu, anaonja, anakunja uso. Kisha macho ya bibi yakateleza hadi kiti cha mbele, kwa Bi Farzana, yakarudi mbio kwenye karatasi.

Kumbe.

Kwao Tanga, maneno yakikukuna unainuka na noti kwenda kumtunza mwimbaji, na njiani unapita kwa anayeimbwa ili ajue mzigo wake umefika. Dorothea hakuamua kuinuka, kiuno kiliamua. Alishuka katikati ya viti akipepea dola, akapiga kigelegele, akasimama mbele ya Bi Farzana, akambinulia mdomo, akamgeuzia mgongo na kuutikisa taratibu. Ndipo akapanda jukwaani kuichomeka noti kwenye mtandio wa Bi Rukhsana.

Sadock alijifunika uso kwa kofia.

Kisha mzee mmoja wa mwezi akacheka kwa pua, akafuata wa pili, na ukumbi mzima ukaangua kicheko, maana karibu wote walikuwa wameila biriani hiyo kwenye harusi hiyo. Simu zilirudi mifukoni. Ila Bi Rukhsana alikuwa ameshika kipaza sauti kama anayezama, na Dorothea akaelewa alichofanya: kitabu cha bibi wa watu amekizika mwenyewe, kwa mauno.

"Nisamehe, Anti," alinong'ona.

Bi Farzana aliinuka. Alipanda jukwaani polepole, akampokonya Bi Rukhsana kipaza sauti, akazungumza kwa Kiingereza ili yule wa kitenge naye asikie vizuri.

"Miaka yote nachapa wanaume hawa na mwezi wao. Nimewapikia, nimewasafirisha, nimewasahihishia tahajia. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniandika mimi, hata kwa kunitukana."

Alimgeukia Bi Rukhsana. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, jambo ambalo halikumpendeza hata kidogo.

"Kitabu nitakichapa. Ila mwanamke huyo mpe jina langu kamili, watu wasije wakadhani ni dada yangu."

Bi Rukhsana alizirudisha karatasi zake hadi ukurasa wa kwanza. Kisha akamwomba Dorothea kalamu.