Sauti Mbili Ndani ya Kamera Moja

Wamaman wenzangu munaoacha watoto peke yao mukienda sokoni, musome hii mpaka mwisho, halafu muulize nani mwingine anaona ndani ya nyumba zenu.

Constance anauzisha mawese katika soko la Kadutu. Anakaa Cimpunda, vyumba viwili, mulango mumoja wenye komeo la ndani. Bwana yake, Pascal, iko kule Mwenga katika mashimo ya dhahabu, fasi ambayo simu inapatikana siku moja na kupotea wiki mbili. Carine, mudogo wa Constance, ndiye alikuwa anabaki na mutoto. Carine alipoolewa Nyantende, Colombe akawa anatoka masomo saa saba na kukaa peke yake mpaka saa kumi na moja. Miaka saba tu! Moyo wa mama haukutulia hata kidogo. Akanunua kamera.

Aliyeiweka ni Glody, fundi wa simu. Aliipandisha juu ya kabati la vyombo, akaichomeka waya mweupe kwenye batri ya sola, akaiunganisha na modem. Kisha kamera ikaomba adresi ya imeli.

"Maman, uko na imeli?"

"Imeli gani tena? Mimi nilikomea darasa la sita, sixième primaire, Glody. Usinisumbue."

"Basi natia yangu. Nafungula kamera kwanza mu simu yangu, halafu nakugawia. Utaona vyote sawasawa."

"Tia, tia. Mimi nataka nione mutoto wangu tu."

Hapo ndipo kosa lilipoingia. Liliingia kwa mulango, kwa heshima, na watu wakacheka, kwa sababu Glody si mutu mubaya.

Kamera ile ilikuwa na masikio, tena ilikuwa na kinywa. Constance akifinya alama ya kipaza sauti mu simu yake kule sokoni, sauti yake inatoka Cimpunda. "Colombe, kula." "Colombe, toka kwa dirisha." "Colombe, fungulia tantine Micheline, anakuletea sombe." Mutoto akazoea. Kamera ikisema, anainuka.

Wauzaji wenzake walimuchekelea. "Maman Colombe, umeandika sentinelle, mulinzi wa plastiki!"

"Ndiyo, na huyu hanimalizii fufu."

Siku moja ya Alhamisi, saa nane na nusu, alikuwa anamupimia muteja mawese, simu imeegemea bidoni ya mafuta. Ndani ya simu Colombe alikuwa amekaa kwenye mukeka anachora. Halafu mutoto akainua kichwa. Akaangalia kamera. Akatabasamu, akasimama.

Constance hakuwa amesema kitu.

Akatua chupa. Akaweka simu sikioni.

"... miye ni murafiki wa papa Pascal." Sauti ya mwanaume, ya polepole, ya upole. "Papa ametuma mutu na zawadi yako. Iko hapo mulangoni. Fungula, Colombe."

Alijua jina la mutoto. Alijua Pascal. Alijua pia kwamba saa ile mama hayuko. Siku ngapi alikuwa mule ndani, akiwasikiliza wakila, wakisali, wakihesabu siku za Papa kurudi?

Constance akafinya kipaza sauti. Kidole kilijaa mawese, kioo kikateleza. Akafuta kwa kitenge, lakini kitenge nacho kilikuwa mawese matupu. Simuni Colombe alikuwa ameshafika katikati ya nyumba. Constance akamunyang'anya muteja kitambaa cha kichwa, akajipangusa, akafinya tena.

"Colombe! Usifungule!"

Mutoto akageukia kabati. "Mama?"

"Ni mama. Usifungule mulango!"

"Colombe," ikasema ile sauti nyingine, bila haraka, "mama anakuchezea. Ni yeye alinituma. Fungula."

Mutoto akaangalia kamera, akaangalia mulango, akarudia kamera. Sauti zote mbili zilitoka katika kitundu kimoja. Alikuwa amefundishwa kutii kitundu kile, na aliyemufundisha ni mama yake mwenyewe.

"Kamera inasema mambo mbili!" akaanza kulia.

Mulango ukagongwa. Mara tatu, taratibu. Constance aliusikia kupitia simu akiwa amesimama kati ya bidoni zake. Aliona kwamba akiendelea kubishana na yule mutu, wote wawili watakuwa na nguvu sawa, na mutoto atafuata atakayesema mwisho.

"Colombe, sikia. Panda kiti. Vuta ule waya mweupe."

"Usivute, courant ya umeme itakupiga!" ikasema ile sauti nyingine.

"Vuta, mutoto wangu! Halafu usifungulie mutu. Hata nani!"

Mutoto akapanda kiti. Uso wake ukajaa kioo chote, pua, meno, machozi. Kisha simu ikawa nyeusi.

Sasa hakuona kitu. Na ni yeye alikuwa amejifunga macho.

Aliacha mawese wazi akarukia moto ya kwanza, pikipiki ya kubeba watu. Akapiga simu ya jirani yake Micheline, ikawa imezimwa. Akapiga ya Glody.

"Glody! Nani iko mu nyumba yangu?"

"Nani tena, maman?"

"Kuna mwanaume anasema mu kamera! Simu yako iko wapi?"

"Iko mukononi... Ah. Ile ya zamani niliuzishaka mwezi uliopita. Kwa mutu wa kupita tu, simujui."

"Na nyumba yangu ilikuwa ndani?"

"Maman, nilisahau kuitoa."

Constance akakata, akamupigia kelele mwenye moto. "Papa, ongeza mwendo!"

"Maman, ni kilima na matope! Unataka tufike ao tuanguke?"

Mbele ya nyumba hapakuwa mutu. Katika matope kulikuwa nyayo za buti, zimekwenda mpaka mulangoni, zimesimama pale, zimezunguka kwa dirisha, zimeondoka. Akasukuma mulango. Komeo lingali limefungwa.

"Colombe! Ni mama. Fungula."

Akasukuma tena.

"Colombe!"

"Hapana." Kasauti kadogo, kutoka chini ya kitanda. "Mama alisema hata nani."

"Lakini ni miye, mama!"

"Na ule alisema ni mama alimutuma."

Majirani walikuwa wameanza kukusanyika. "Tuvunje!" akasema mumoja, akijisogeza na bega lake.

"Mutu asiguse!" Constance akamusukuma. "Mwache. Anafanya vizuri."

Alitamani kuupiga mulango ule kwa ngumi zote mbili. Hakuupiga. Akapiga magoti katika matope, akasogeza uso karibu na ufa kati ya mbao mbili, akangoja. Baada ya muda akasikia kitu kikijikokota sakafuni, kisha miguu midogo. Jicho moja likatokea kwenye ufa.

Liliangalia kitenge. Likaangalia mikono myekundu ya mawese. Likapanda usoni, likakaa pale.

Constance akaacha aangaliwe, mpaka jicho litosheke.