Chochote ni Nini?

Tangu Orrin apooze upande mmoja, mkewe Marlys alikuwa ameambiwa "ukihitaji chochote, sema tu" na kila mwenye mdomo katika kona yao ya Dakota Kaskazini, Marekani. Waliileta kauli hiyo mlangoni pamoja na mabakuli ya viazi na nyama, wakaiacha hapo, wakarudi makwao. Chochote ni nini? Hata dukani hakiuzwi. Maneno hayo yalikuwa yamemchosha mpaka akayachukia.

Naye, kama watu wote wa kule, alijibu kila mmoja, "Tuko sawa." Uongo mtupu. Ngano ilikuwa imeiva, redio imetangaza mvua ya mawe Jumatatu jioni, na mashine ya kuvunia haikuwa na mwingine wa kuiendesha ila Orrin. Ngano ikilala chini, shamba linachukuliwa na benki inayowadai.

Jumapili hiyo, baada ya ibada, watu wakinywa kahawa katika ukumbi wa chini ya kanisa, jirani yake Verlyn alimshika bega.

"Dada, ukihitaji chochote..."

"Nahitaji."

Verlyn alicheka kidogo. "Eti?"

"Nahitaji ngano yangu ivunwe. Leo. Si umesema chochote?"

Ukumbi mzima uligeuka kumtazama. Kule mtu haombi msaada mbele za watu, afadhali afe njaa. Mashavu yalimwaka Marlys, lakini hakushusha macho.

"Ungesema mapema, Marlys," Verlyn alinong'ona. "Hata mimi yangu bado iko shambani."

"Sasa ulikuwa unamaanisha nini?"

Verlyn aliondoa mkono wake begani.

Ardis, mjane aliyekuwa akiwamiminia watu kahawa, aliweka birika mezani. "Nitaendesha mimi. Yangu nilimaliza Ijumaa. Twende."

Machozi yalimlengalenga Marlys. "Ahsante, Ardis. Sijui hata niseme nini."

"Usiseme kitu. Mume wangu alipokufa uliniambia hayo hayo, bakuli mkononi. Nikakujibu niko sawa. Ngano yangu yote ikaoza kwa mvua, na wewe kila siku unapita barabarani unanipungia mkono."

Ardis alichukua funguo zake, akaanza kupanda ngazi. Marlys aliona aibu, lakini alimfuata, kwa sababu ngano yake bado ilikuwa imesimama shambani.