Umri wa Lile Taya

Kazini walimwita Bi Punje, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuponda mawe, kuyachekecha, kisha kuinamia hadubini na kuchambua punje za fuwele moja moja kwa kibanio. Shahada hakuwa nayo, ila macho alikuwa nayo. Kaka yake mkubwa, mchimbaji wa kikosi cha Profesa, ndiye aliyeliona lile taya la kale likichungulia kwenye ukingo wa korongo.

Mfupa hausemi umri wake. Wataalamu huutafuta kwenye majivu ya volkano yaliyolala chini yake na juu yake, maana fuwele ikishapoa, saa yake huanza kuhesabu. Profesa alitoa yapimwe majivu ya chini tu, ya juu yakabaki sandukuni. Bi Punje aliyatazama akaandika daftarini: "Nyingi zimeviringika. Zimeletwa na mto, ni za zamani kuliko mfupa." Akamwambia na kwa mdomo.

"Wewe chambua," alijibiwa. "Kufikiri niachie mimi."

Ikatangazwa miaka milioni nne. Profesa akavimba kwa sifa, na kaka mtu akapigwa picha ameshika sururu. Mwaka wa pili watafiti wageni wakapima mabaki ya punje zile, namba zikapishana na za Profesa. Profesa hakwenda mbali: akawaandikia wakubwa kwamba msaidizi wake alichanganya sampuli. Barua ikabandikwa ubaoni. Bi Punje akatupwa stoo kubandika namba kwenye masanduku, na waliokula naye sahani moja wakawa wanampita koridoni kama nguzo. Miaka kumi na moja. Watu walidhani amepoa. Wapi! Chuki ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Profesa akakaribia kustaafu. Jengo jipya lingepewa jina lake, na umri wa taya uchongwe ukutani. Mkuu mpya wa maabara, mwanamke mdogo kwa Bi Punje, akateremka stoo.

"Mama, nataka tupime upya kabla hatujachonga. Majivu ya juu ya taya yapo?"

"Yapo, na hayajawahi kufunguliwa."

"Kwa nini?"

"Muulize mwenyewe. Mimi nipe meza yangu. Na nusu ya punje zipelekwe maabara nyingine, kwenye chupa zenye namba tu."

Hakutaka kumwachia mtu yule upenyo hata wa sindano.

Siku ya nne Profesa aliingia, akafunga mlango. "Dada, yaliyopita si ndwele. Jina lako linaweza kuingia kwenye vitabu vyangu."

Bi Punje hakuinua jicho. "Barua yako uliiandika hadharani. Nami nakujibu hadharani."

Profesa akamwendea kaka yake. Jioni kaka alikuja nyumbani, akakataa kukaa.

"Ukilishusha taya, unanishusha na mimi. Wanangu wananijua kwa hilo."

"Wewe ndiye uliyeliona, kaka. Hilo haliondoki."

"Niliona taya la kale kuliko yote, au mfupa tu?"

Asubuhi Bi Punje aliendelea kuchambua.

Kwenye kikao, maabara zote mbili zilisema mamoja: majivu ya juu, milioni mbili na laki saba, fuwele changa kabisa za chini, milioni mbili na laki nane. Taya lilikuwa katikati. Profesa akaanza, "Huenda sampuli zimechanganyika..." Bi Punje akasimama, akamwekea daftari la zamani mbele yake.

"Soma, Profesa. Kwa sauti."

Alisoma. Alipofika kwenye neno "mto", akalifunga daftari. Sherehe ikafutwa, barua ikafutwa, na Profesa akaondoka kwa ngazi za nyuma. Bi Punje alimtazama dirishani mpaka alipopotea, na ikamwuma kidogo kwamba hakugeuka, amwone anayemtazama.

Kaka yake hakukanyaga tena kwake. Bi Punje alimpelekea makala mpya, iliyomtaja kaka kuwa ndiye mvumbuzi. Bahasha ikarudishwa na wifi yake, haijafunguliwa.

"Anasema hujambo," alisema wifi, akiona haya. "Ungejua atasusa hivi, ungeacha?"

"Ningeanza mapema zaidi."

Akamkaribisha ndani. Wakanywa chai wakizungumzia watoto, na hakuna aliyelitaja tena lile taya.