Msomaji wa Herufi K

Watu wakisikia natengeneza kamusi hudhani nakaa kivulini nanywa chai na kuokota maneno. Waje wajaribu. Neno moja tu la Kiingereza, keep, limenila miezi minne. Mtoto wa darasa la tatu atakwambia ni kuweka, basi, kamaliza. Aa wapi! Ukilifuatilia utakuta ni kutunza, kufuga, kuficha, kuzuia, kuchelewesha, kutimiza ahadi, kuendelea na jambo bila kuacha, na hata chakula kukaa bila kuharibika. Nilipofika maana ishirini na tatu nikasema imetosha, nisije nikapata wazimu.

Kila maana inataka sentensi ya mfano. Na mkuu wetu, tunayemwita Mzee Nukta kwa sababu hata akipiga chafya anaweka nukta, ana sheria moja: mfano usitungwe mezani. Lazima uwe umetoka kinywani mwa mtu kweli. Unauandika kwenye kadi, na nyuma ya kadi unaandika nani kasema na tarehe gani. Kadi isiyo na tarehe anakurudishia.

Sasa mimi watu wa kuwasikiliza nitawatoa wapi? Ofisini tuko wanne na wote tunanong'ona. Nyumbani tuko wawili, mimi na wifi yangu, mke wa marehemu kaka. Kaka alipofariki, wifi alibaki kwetu pamoja na mimi na mama. Mama naye alipotutoka, tukabaki sisi wawili. Yeye ni fundi cherehani, na chumba chake cha kazi kiko mbele, kinatazama barabara. Mchana kutwa cherehani inalia na mdomo wake unaifuata. Mimi na hasira zangu, nikirudi nimechoka, nilikuwa nampigia rafiki yangu simu namlalamikia. Nikimaliza kulalamika, nachukua kadi naandika niliyoyasema.

Kwenye kuweka: “Wifi anaweka viatu vibovu juu ya kabati utadhani vikombe vya ushindi.” Kwenye kutimiza ahadi: “Wifi aliahidi kunishonea gauni, mpaka leo sijalivaa.” Kwenye kuficha: “Mwambie wifi siri asubuhi, jioni mtaa mzima unayo.” Na maana ya kumi na tisa, kukaa na mtu ili asiwe peke yake: “Wifi anaongea na cherehani kwa sababu hana mtu wa kukaa naye.” Mzee Nukta alizisoma akacheka mpaka akavua miwani. “Hii ndiyo mifano hai,” akasema. Kichwa kikanivimba.

Kosa langu ni kusahau jambo moja. Kabla kurasa hazijaenda kupigwa chapa, kila herufi husomwa na mtu wa nje, mtu wa kawaida asiye msomi wa lugha, aseme wapi hajaelewa, kisha asaini chini. Bila saini ukurasa hauendi popote. Miaka mitatu nyuma, tulipokuwa tunatafuta wasomaji, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, nilimpendekeza wifi. Akapewa herufi K.

Alhamisi saa tano tarishi wetu akarudi ofisini kutoka kwa wifi, mikono mitupu.

“Mama Cherehani kasoma,” akasema. “Kakaa kimya. Kaniambia niondoke, kurasa kabaki nazo.”

Wifi kukaa kimya! Mzee Nukta akatazama saa yake. Mtambo ulikuwa unazisubiri kurasa zile kesho yake asubuhi.

“Nenda nyumbani ukalete saini,” akaniambia. “Nukta.”

Nilimkuta amekaa kwenye kiti chake, cherehani imefunikwa. Sanduku lilikuwa mlangoni, limefungwa. Kurasa alikuwa amezinyoosha mezani, karibu na mkasi.

“Wifi, saini tu hapo chini,” nikasema. Ndivyo nilivyoanza, jamani! Hata salamu sikutoa. Nikikumbuka naona haya.

“Nahamia kwa dada yangu,” akasema. “Naondoka leo.”

“Kwa sababu ya sentensi? Wifi, ni kamusi! Nani atajua ni wewe?”

“Mimi nitajua. Wateja wangu wanajua unafanya kazi gani, na wana watoto shuleni. Watajua.” Akaugonga ukurasa kwa kidole. “Kumi na saba. Nimezihesabu. Gauni nilikushonea, wewe ukanenepa, ukakataa kupimwa tena. Siri sijatoa hata moja, na zako ninazo tele. Lakini hayo nayaacha. Nyumba hii tunazungumza wawili. Sheria yenu ni kuandika yaliyosemwa, si ndiyo? Yangu yako wapi?”

Damu ikanichemka. Nilikuwa na kosa mimi, na bado nikataka kumpa vidonge vyake.

“Haya, niambie ulisema nini cha maana, niandike sasa hivi!”

“Sikuambii,” akasema. “Ulikuwepo.”

Nikakaa kwenye kigoda cha wateja na kadi zangu tupu mapajani. Ajabu ni kwamba maneno ya mlinzi wa ofisini nayakumbuka, ya muuza maziwa nayakumbuka, tena neno kwa neno. Ya wifi nilikumbuka kelele tu. Nikatafuta, nikatafuta, sioni kitu. Yeye akainuka, akajifunga kitambaa kichwani, akashika sanduku. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Niliona nitakavyokuwa nafungua mlango huu kila jioni bila kumkuta mtu. Naye alikuwa amesimama mlangoni, kanipa mgongo, vilevile alivyosimama siku moja kwenye mlango wa chumba cha mama.

Nikaandika mbiombio, nikamsomea kwa sauti.

“‘Wewe nenda kazini, mama nitakaa naye mimi.’ Kasema wifi. Jumanne, tarehe nne, mwezi wa sita, mwaka juzi.”

Akanigeukia.

Siku ile nilikwenda kazini kweli. Saa tisa alasiri mama alikata roho, mkono wake uko ndani ya mkono wa wifi, na mimi niko ofisini nabishana na Mzee Nukta juu ya mkato. Nililia, nikapokea pole za watu, nikazika. Kumshukuru wifi sikumshukuru. Haukupita mwezi nikaanza tena kulalamikia cherehani.

“Hii inaingia maana ya kumi na tisa,” nikasema. “Ile ya cherehani naichana.” Nikaichana. Nikazitoa kadi zote kwenye mkoba, nikazichana zile kumi na sita pia, na mifano yake nikaifuta kwenye kurasa moja baada ya moja. “Zikitoka na mapengo, zitoke. Mzee Nukta anitafune mzimamzima akitaka. Nisamehe, wifi. Nimekukosea sana.”

Akarudi mezani. Aliisoma kadi yangu mara mbili, taratibu, kama msomaji anavyotakiwa. Akachukua kalamu, akasaini chini jina lake lote. Sanduku lilikuwa bado mkononi.

“Kazi yangu nimemaliza,” akasema. “Mpelekee mzee wako.”

Saini nilikuwa nayo. Ningeweza kukimbia nayo ofisini, muda ulikuwepo wa kutosha. Sikuinuka. Nilijikuta nimevuta kadi nyingine tupu, kwa mazoea tu.

“Wifi,” nikasema, “siku ile mama alisema nini?”

Macho yakamjaa machozi. Akatua sanduku.

“Miaka miwili nasubiri uniulize,” akasema. Akavuta kiti, akakaa karibu yangu. “Weka kalamu chini kwanza.”