Pale Nguzo Zilipoingia Kirahisi

Jumamosi asubuhi Projestus alishuka kwenye pikipiki akiwa na marobota mawili ya wavu, akamwamkia mama yake, na kabla hajanywa hata maji akatangaza kwamba kuku kulala jikoni sasa basi.

"Marahaba," alisema Deodata. "Kaa kwanza ule."

"Nitakula baadaye, mama. Banda likae wapi?"

Deodata alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga akipuliza moto. Alitaka kumjibu, kikohozi kikamwahi. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, mwanawe amesimama mlangoni anamtazama kama daktari. Ndicho kikohozi kilichomtoa Projestus Kahama, akaacha karakana yake ya kuchomelea mageti na wajukuu zake Deodata wote wanne. Zahanati walikuwa wamemweleza vizuri tu: bibi, moshi wa kuni na vumbi la mavi ya kuku havikai chumba kimoja na kifua chako, chagua kimoja kitoke. Moshi ndio unaopika maharage. Basi kuku watoke. Hilo Deodata alilikubali mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha.

Kuku wenyewe walikuwa kumi na mmoja. Mwaka jana walikuwa thelathini na wanne, wakizagaa uani mpaka mtu anakosa pa kukanyaga. Kisha akaenda mnadani akapenda jogoo mwekundu mwenye mkia kama ufagio, akamleta nyumbani, akamwachia siku ile ile acheze na wenzake. Wiki haikuisha. Ugonjwa wa mdondo uliwapukutisha kama maua ya kahawa, na Deodata akachimba, akafukia, akachimba, akafukia, huku akijisema mwenyewe kila jembe linaposhuka. Hawa kumi na mmoja ndio waliosalia, na alikuwa ameapa kwamba safari hii chanjo haiwapiti.

Chanjo ilikuwa Alhamisi alfajiri. Niragira, binti anayechanja kuku pale Mabawe, alikuwa amepita kila nyumba akisema neno moja: "Wawe wamefungiwa pamoja. Kichupa nikishakifungua hakinisubiri, na mimi sikimbizani na kuku migombani. Nikiwakosa, mpaka miezi minne tena." Na kule Bukiriro, watu walikuwa tayari wanazika kuku.

Kwa hiyo banda lilikuwa na siku tano.

Projestus alizunguka uwanja mzima akiwa na simu mkononi, anaangalia video, anaangalia jua, anaangalia video tena. Alilowesha kidole akakiinua juu kupima upepo. Mwisho akasimama nyuma ya nyumba, upande wa chini, kati ya migomba na mparachichi, akapiga kofi moja la furaha.

"Hapa! Kivuli kipo, upepo upo, harufu haiji nyumbani. Mtaalamu amesema hivyo hivyo."

Deodata moyo ulimlipuka. Katika uwanja wote ule, kijana wa watu amekwenda kusimama pale.

Pale ndipo marehemu mumewe, Leonidas, alipokuwa akivumbika ndizi. Alilichimba shimo hilo mwaka mmoja baada ya Projestus kuhamia Kahama, refu kama kitanda, kina chake kinamfika mtu kifuani, na humo zikaiva ndizi za kutengenezea pombe ya rubisi iliyonywewa na nusu ya kitongoji. Leonidas alipofariki, mwanambuzi mmoja akatumbukia humo akavunjika mguu. Deodata akaona balaa gani hili. Akajaza shimo kwa alichokuwa nacho: magogo ya migomba, maganda ya maharage, majani makavu, na udongo kidogo juu kwa ajili ya sura. Nyasi zikaota. Likasahaulika na karibu kila mtu isipokuwa yeye.

"Projestus," aliita, "hapo usijenge. Baba yako hapo..."

Projestus alitia simu mfukoni, akaja, akamshika bega.

"Mama. Najua. Kila kona ya uwanja huu ni baba. Lakini tumwache apumzike."

"Simlilii! Nasema hapo ali..."

"Pole, mama. Nenda kajilaze kidogo."

Deodata akarudi jikoni.

Jioni alijaribu tena, wakiwa kwenye ugali na maharage. Alianza kwa upole kabisa: "Mwanangu, lile eneo, baba yako alikuwa..." Projestus akaacha tonge. Macho yakamjaa maji. Akaanza kusimulia jinsi baba yake alivyombeba mgongoni kumpeleka shule siku ya mvua, na viatu vyake akavining'iniza shingoni visilowe, na kwamba hakuwahi kumshukuru. Basi ikawa Deodata ndiye wa kumbembeleza. Alilala na shimo lake moyoni.

Jumatatu nguzo zikaanza kusimama. Pancras, jirani, mtu wa umri wa Deodata na mnywaji mwenza wa marehemu, alikuja akaegemea ua, kicheko kikimtekenya midomo.

"Kazi inakwenda, kijana?"

"Baba mdogo, we acha! Nguzo zinaingia kama kwenye ugali. Nimechimba mashimo manne, jasho halijanitoka."

"Aaa. Ardhi ya baba yako ilikuwa tamu siku zote."

Deodata alimvuta pembeni kwa mkono wa shati. "Pancras, mwambie. Mimi hanisikii."

"Nimwambie mimi? Shemeji, mtoto ni wako."

"Wewe umekunywa humo miaka mingapi?"

"Ndiyo maana sitaki kuharibu heshima ya mahali." Akacheka mpaka akashika kiuno. "Tangu Krismasi sijapata kitu cha kuniburudisha. Niache."

Deodata akaona sasa yatosha. Alikwenda akasimama katikati ya zile nguzo, akaacha kabisa kumtaja marehemu. "Hapa ni shimo! Nimelifukia mimi, kwa majani. Umenisikia? Shimo!"

Projestus alimwangalia kwa huruma. Kisha akaruka. Akaruka mara mbili, mara tatu, miguu yote miwili, na viatu vyake vizito vya karakana. Ardhi ikatulia kimya, kama inamtania mama wa watu.

"Shimo liko wapi, mama?"

"Ngoja mvua inyeshe."

"Mama, sema tu hutaki kuku watoke jikoni. Umewazoea, naelewa. Lakini usinitungie mashimo."

Hapo ndipo Deodata alipokunja kanga yake, akaifunga kiunoni kwa nguvu. Miaka sitini na nane, amelea watoto sita, amezika mume, leo anaambiwa anatunga mashimo.

"Haya," alisema. "Jenga."

Na banda likajengwa, tena zuri, hilo hakumnyima. Mabanzi yalipigwa msumari sawasawa, wavu ukavutwa ukanyooka, bati jipya likang'aa mpaka Pancras akadai linamuumiza macho kwake. Ndani kulikuwa na fito za kulalia, viota vitatu, na maranda yaliyoletwa kwa baiskeli. Jumatano saa nne asubuhi kuku kumi na mmoja walihamishwa mmoja mmoja, wakipiga kelele za kuchinjwa. Projestus alifunga mlango, akapiga picha, akamtumia mkewe.

Saa tisa mchana mvua ikashuka.

Haikuwa mvua ya kuuliza. Maji yalikusanyika uwanjani, yakapata njia, yakateremka upande wa chini kama yameitwa. Deodata alivuta kigoda mpaka mlangoni, akakaa. Kwanza nguzo ya kona ilishuka taratibu, kama mzee anayetafuta kiti. Ya pili ikamfuata mwenzake. Bati likainama, misumari ikalia, wavu ukafyatuka chini, na kwenye ule uwazi akatoka kuku wa kwanza, akatazama huku na huku, akakimbilia migombani. Kisha wa pili. Kisha wengine wote kwa fujo.

"Mama! Kuku!"

Projestus alitoka mbio kwenda kuikumbatia nguzo. Alipiga hatua mbili ndani ya banda, ya tatu ikampeleka chini mpaka mapajani. Harufu ikapanda, nzito, chachu, harufu ya ndizi za zamani na majani yaliyooza, ikafika mpaka mlangoni kwa Deodata, na kwa dakika moja moyo wake ukarudi nyuma miaka mingi.

"Mama, hiki ni nini?" alipiga kelele, mvua ikimtiririka usoni.

"Ni baba yako," alisema Deodata. "Ndiye niliyekuwa nakwambia."

Upande wa pili wa ua Pancras alicheka kwa sauti ya mtu anayetafuta pumzi.

Lakini Deodata hakucheka. Kuku walikuwa migombani, jua linakwenda kuzama, na Niragira anakuja alfajiri. Aliwaza Bukiriro. Aliwaza jembe lake la mwaka jana. Akaingia jikoni, akawasha moto, kikohozi kikambana, akakipuuza. Akafungua mlango wote, akachukua kifuniko cha sufuria na punje za mtama, akaanza kugonga na kuita kwa sauti ile ile ya kila jioni. Wakaja. Wamelowa, wamesinyaa, wanakanyagana, kila mmoja akielekea pale pale alipozoea: juu ya kuni, chini ya meza, pembeni ya mtungi. Akahesabu. Kumi.

Kuku mmoja jike, yule koo mweusi, hakuwemo. Projestus, tope likimkaukia miguuni, alimtafuta migombani mpaka macho yakashindwa.

Niragira alifika wakati majogoo ya jirani yanawika, na kikasha chake begani.

"Shikamoo bibi. Si nimeambiwa kuna banda jipya?"

"Marahaba. Lipo. Limekaa chini linapumzika."

Basi wakachanjwa jikoni, ndani ya moshi, Deodata akishika, Niragira akidondosha tone jichoni, wote wawili wakikohoa kwa zamu. "Bibi, hapa hapafai," alisema Niragira. "Najua, mjukuu wangu." Wa nane, wa tisa, wa kumi. Niragira akaanza kukifunika kichupa.

"Ngoja!"

Projestus aliingia akikimbia, koo mweusi kakumbatiwa kifuani kama mtoto. "Alikuwa bandani! Kwenye ile kona iliyoinama, juu ya ufito, amelala zake. Mama, huyu ndiye pekee aliyelipenda banda langu."

Tone moja. Koo akapepesa jicho. Kumi na mmoja.

Deodata akakaa kwenye kigoda, akatoa pumzi aliyokuwa ameishika tangu jana.

Niragira alipoondoka, Projestus alisimama pale pale, mikono mfukoni. "Mama," alisema. "Banda likae wapi?" Kisha akafunga mdomo.

Deodata alichukua mtaimbo nyuma ya mlango, akapanda nao upande wa juu wa jiko, hatua kumi na tano kutoka mlangoni: maji hayasimami, moshi hauendi, na kuku akilia anasikika kitandani. Akauinua mtaimbo, akaupiga chini. Ukalia ngaa, ukarudi juu.

"Hapa."

"Mama, hapa ni mawe matupu! Nguzo moja itanimaliza siku nzima."

"Leo Alhamisi. Una kesho, una Jumamosi." Akampa mtaimbo. Kisha akakumbuka kitu, akamtazama kwa makini. "Baba yako..."

Akanyamaza, amjaribu. Projestus alivuta pumzi, akafumbua mdomo, akaufumba. Akangoja.

"Baba yako naye alianza kuchimba hapa," alimaliza Deodata. "Akachoka. Ndiyo maana akaenda kule kwenye udongo laini. Wewe chimba."