Korongo wa Marlpit

Saa nne asubuhi, siku ya onyesho la kwanza la ziara ya bendi ya Marlpit ya kuzunguka dunia, Glenys Prosser alifungua makasha ya korongo wake akakuta kila kitu kimo isipokuwa kimoja. Mwili ulikuwemo. Shingo ilikuwemo. Mbawa zilikuwemo, zimekunjwa vizuri kama alivyozikunja mwenyewe. Sanduku la kuongozea mota halikuwemo, na bila sanduku hilo korongo yule wa alumini na turubai, mwenye mbawa ndefu kama basi zima, alikuwa pambo la kulazwa chini tu.

"Barney!" aliita. "Sanduku langu la manjano liko wapi?"

Barney, mkuu wa wapanda vyuma, mafundi wa kufunga vitu juu, alikuwa ananing'inia kwenye paa la jukwaa na mkate wa nyama mdomoni. Aliutoa ili ajibu.

"La manjano sijaliona. Nimeliona la bluu. Nimelipakia mwenyewe jana."

Bendi ya Marlpit ilikuwa na seti mbili za vyuma vya jukwaa, nyekundu na bluu; vitu vya korongo vilikuwa na utepe wa manjano, viende na kila onyesho. Huku nyekundu inapigiwa muziki Sheffield, bluu inakwenda mbele kujengwa Rotterdam. Wapakiaji hawasomi maandishi, hawana muda huo. Wanaangalia rangi ya utepe tu. Na Jumatano jioni kifuniko cha sanduku kilipopasuka, utepe wa manjano ulikuwa umekwisha, akachukua uliokuwa karibu na mkono akakizungushia mara nne. Wa bluu.

Alitamani sana kupata mtu wa kumgombeza. Kila alikogeuka hakumwona mkosaji mwingine zaidi yake.

"Saa hizi liko melini," Barney alisema, naye ameshashuka. "Linakula upepo wa bahari."

"Nyamaza, Barney."

"Mimi nimenyamaza. Tetlow ndiye hatanyamaza."

Howard Tetlow, meneja wa ziara, hakuwa mtu wa kupaza sauti, na ndiyo maana watu walimwogopa. Tangu mwanzo alitaka skrini kubwa badala ya ndege. Skrini haina mbawa, haina shingo, haihitaji mwanamke wa miaka hamsini na mbili wa kuibembeleza. Alimsikiliza Glenys mpaka mwisho, akafunga daftari lake.

"Glen, nina majiji arobaini na matatu, na malori yamejaa mpaka mlangoni. Leo ndege wako asiporuka, anabaki hapa. Naweka skrini, na wewe unarudi nyumbani. Sikutishi. Nakwambia tu."

"Ataruka."

"Kwa kitu gani? Kwa dua?"

"Kwa kamba," alisema Glenys, na maneno yalipomtoka ndipo naye akajua kwamba anaweza.

Baba yake alikuwa mvuta kamba katika jumba la michezo ya kuigiza la Swansea. Zamani zile mapazia, mawingu na malaika wote walipandishwa kwa mikono, na wavutaji wengi walikuwa mabaharia waliochoka na bahari. Glenys alikulia kule juu penye vumbi, anakula biskuti na kuwatazama watu wazima wakivuta mwezi. Miezi minane alikuwa amemjenga korongo huyu katika banda lenye paa linalovuja, na hakuwa tayari kumwacha katika uwanja wa mpira kwa sababu ya utepe.

Basi kazi ikaanza, na ilikuwa kazi kweli! Wakafunga kapi za kupitishia kamba juu ya paa, wakajaza mifuko ya mchanga ya kusawazisha uzito, wakapitisha kamba mbili: moja ya kumpandisha ndege, moja ya kumfungua mbawa. Barney aliokota watu kumi na wanne popote alipowapata: wapakiaji wawili, madereva watano, wapanda vyuma, hata mpishi wa chai, mama mmoja mwenye mikono iliyomfanya kila dereva atamani kusimama nyuma yake. Walijipanga nyuma ya ukuta wa spika. Kufika saa nane korongo alipanda mara moja, akaegemea upande, akapigiwa makofi na watu waliokuwa wanakula.

"Amelewa," Barney alisema.

"Amechoka kulala. Ongezeni mfuko mmoja kushoto."

Tatizo likabaki moja. Nyuma ya spika wavutaji hawamwoni ndege, na redio za mkononi zote wanazo watu wa taa. Tena mtu mwenye mikono miwili kwenye kamba ataishikia redio kwa meno? Glenys akasimama akifikiri. Kisha akasema polepole, akijua anachokisema, "Nitapiga mluzi."

Dereva mmoja akaachia kamba.

Hakuna anayepiga mluzi jukwaani. Mabaharia wa zamani waliitana kwa mluzi kwenye kamba, na mpita njia aliyejipigia mluzi wake wa furaha aliweza kushushiwa kichwani mlima wa mbao wa mapambo ya mchezo. Mabaharia hawapo tena, mwiko ungalipo. Anayeuvunja hutolewa nje, azunguke mara tatu, abishe hodi, angoje kukaribishwa. Asubuhi ile ile Lenny Dunphy, mwimbaji mwenyewe, mtu mwenye sura yake kwenye fulana za watu milioni, aliingia akipiga mluzi, akasukumwa nje na wapakiaji akazunguka kama pia ya mtoto huku mvua inamnyeshea.

"Glen," Barney alisema, "baba yako angekuua."

"Baba yangu ndiye aliyenifundisha. Mmoja, vuteni. Miwili, fungueni mbawa. Mrefu, simameni, mfunge kamba."

Saa mbili na nusu jua la Juni lilikuwa bado linachungulia juu ya jukwaa la mashabiki, na watu elfu arobaini walikuwa wanapiga miguu mpaka vikombe vya chai vinacheza mezani. Ngoma zilipoingia Glenys alizisikia kifuani kabla ya masikioni. Gitaa likafuata, watu wakalia kwa furaha, naye akajikuta anacheka peke yake nyuma ya pazia, kwa maana alianza kufanya kazi hii akiwa na miaka kumi na tisa na mpaka leo hajaizoea dakika hii.

Ukafika wimbo wa mwisho. Katikati yake vyombo vyote hunyamaza, anabaki Dunphy na sauti yake tu. Hapo ndipo korongo anapotakiwa kutokea.

Glenys akatia vidole viwili mdomoni, akapiga.

Mluzi ule ulikata uwanja mzima. Nyuma ya spika watu kumi na wanne wakavuta, kichwa cha korongo kikachomoza juu ya ngoma, kikapanda, jicho likaonekana. Na mashabiki wa Sheffield, ambao kila Jumamosi hukaa kwenye viti vile vile wakimzomea mwamuzi, wakafurahi sana kusikia mluzi. Wakaujibu.

Walijibu maelfu! Mmoja, miwili, mirefu, ya kila namna. Wavutaji wakaduwaa. Mmoja akavuta, mwingine akaachia, mpishi wa chai akatukana. Korongo akasimama hapo hapo, kichwa tu juu ya ngoma, kama jirani anayechungulia ukutani. Watu wa mbele wakaanza kucheka.

"Mshushe," Tetlow alisema sikioni mwake. Alikuwa amesimama nyuma yake muda wote. "Basi, Glen. Mshushe."

Kati ya kuta mbili za spika palikuwa na mwanya mwembamba. Mtu aliyesimama nyuma kwenye kamba angeweza kuona kupitia mwanya ule sehemu moja tu ya jukwaa, katikati kabisa, mbele, pale anaposimama mwimbaji. Mafundi huvaa nguo nyeusi ili wasionekane, na Glenys alikuwa na miaka thelathini na mitatu ya kutoonekana. Alikimbia.

Alitokea mbele ya watu elfu arobaini na suruali yake yenye grisi na kalamu sikioni. Dunphy akamwangalia, hakuelewa hata kidogo, lakini alikuwa mtu wa jukwaa: akasogea hatua mbili kumpisha, akaendelea kuimba. Glenys akaugeuzia mgongo uwanja, akamtafuta Barney kwenye mwanya, akamwona, akainua mikono yote miwili juu ya kichwa.

Kamba ikaitika. Korongo akapanda, shingo, kifua, miguu mirefu, akavuka ngoma, akavuka taa. Glenys akakunja ngumi moja. Ndege akasimama. Kisha Glenys akaifungua mikono yake, polepole, upana wote aliopewa na Mungu, na juu yake mbawa zikafunguka, turubai likashika jua la jioni likawaka rangi ya chungwa.

Hakusikia kelele. Aliona uso wa Barney tu, Barney analia na kamba mkononi. Alipogeuka, uwanja mzima ulikuwa umefungua mikono.

Onyesho lilipokwisha wapakiaji walimngoja mlangoni, wamefunga mikono kifuani.

"Umepiga mluzi," mpishi wa chai alisema.

"Nimewaokoeni!"

"Nje, mama."

Wakamtoa. Mlango ukafungwa. Manyunyu yalikuwa yameanza tena. Glenys akazunguka mara moja, mara ya pili akazunguka polepole akitega sikio, kwa maana Tetlow alikuwa hajasema neno, na kule ndani alisikia makasha yanaviringishwa kuelekea malorini bila ya yeye kujua ni yapi. Akazunguka mara ya tatu. Akabisha hodi.

Ikajibu sauti isiyopazwa.

"Nani?"

"Glenys Prosser. Fundi wa korongo."

Mlango ukafunguka. Tetlow alikuwa ameshika utepe wa manjano, robota zima, mpya.

"Ingia, Glen," alisema. "Nimeishusha skrini lorini. Korongo anapakiwa mwisho, na kamba zake, ili Rotterdam awe wa kwanza kushuka."